Shoka la peni 12: uchambuzi wa kisa cha kiwanda cha chuma cha Hammersmith, Massachusetts, 1643 hadi 1670

Kisa hiki kinahusu kiwanda kilichofanya karibu kila kitu sawasawa upande wa ufundi na bado kikafilisika. Majina ya wafanyakazi, majirani na washtakiwa wa kawaida tumeyaacha. Waliotajwa ni wale tu ambao bila wao kisa hakisimuliki.

USULI

Kati ya 1630 na 1640 watu wapatao 20,000 walihama Uingereza kwenda New England, pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani ya leo, wengi wao wakiwa Wapuritani waliochoshwa na kanisa la mfalme. Uchumi wa koloni lao la Massachusetts Bay uliendeshwa na jambo moja: mgeni wa mwaka jana alimuuzia mgeni wa mwaka huu. Aliyeteremka melini alikuja na sarafu mfukoni, akanunua ng'ombe, mahindi na mbao kwa aliyemtangulia, na huyo aliyemtangulia akazipeleka sarafu hizo kwa wafanyabiashara wa London kulipia nguo, vyungu na misumari.

Mwaka 1640 Bunge likaitishwa London, Wapuritani wa huko wakaona mambo yanaweza kunyooka nyumbani, na safari zikakatika. Ng'ombe aliyekuwa akifika pauni 20 akashuka hadi pauni 5 hivi. Sarafu zilizobaki zikavuka bahari kulipa madeni, na hakuna mpya zilizokuja. Baraza Kuu la koloni likaruhusu madeni yalipwe kwa nafaka, mifugo na samaki. Hata shanga za magamba ya kome, ambazo wenyeji waliziita wampum, zikawa fedha halali kwa malipo madogo. (Msomaji anayejua habari za simbi na kauri katika masoko ya bara hatashangaa.)

Shida kubwa kuliko zote ilikuwa chuma. Bila shoka hakuna shamba, bila misumari hakuna nyumba, na kila kipande kilitoka ng'ambo. Wakati huo huo nchi yenyewe ilikuwa na vinamasi vyenye mtapo wa chuma, misitu isiyokwisha na mito yenye maporomoko. Ilionekana "tupu" kwa sababu maradhi ya 1616 hadi 1619, kisha ndui ya 1633, yalikuwa yameua sehemu kubwa ya wenyeji wa pwani hiyo, wale walioupa mto Saugus jina lake.

KILICHOTOKEA KWA MFUATANO

Mwaka 1641 John Winthrop mdogo, mwana wa gavana, alikwenda Uingereza kutafuta mtaji. Alirudi 1643 akiwa na pauni 1,000 za mwanzo, mafundi, zana na kampuni ya wanahisa waliobaki kule kule. Akakagua vinamasi kutoka Maine hadi Plymouth, kisha akachagua Braintree, kusini mwa Boston. Hoja yake ilikuwa ya mtu mwenye akili: karibu na mji kuna vibarua, kuna nyumba za kulala mafundi, kuna bandari. Mahali penye mtapo mwingi lakini porini pangekula mtaji kabla ya moto kuwashwa.

Tanuri la Braintree likajengwa, na likashindwa. Maji hayakutosha kuzungusha gurudumu mfululizo na mtapo wa jirani haukutosheleza.

Mwaka 1645 wanahisa wakamleta meneja mpya, Richard Leader, kwa mkataba wa miaka 7 na mshahara wa pauni 100 kwa mwaka. Aliiacha Braintree ibaki na karakana ya kufulia tu, akahamia kaskazini mwa Boston, ukingoni mwa mto Saugus katika mji wa Lynn. Mahali hapo aliita Hammersmith. Palikuwa na mteremko wa kutosha kwa magurudumu kadhaa, mtapo na msitu vilikuwa karibu, na maji ya kupwa na kujaa yalifikisha mashua hadi gatini. Moto uliwashwa 1646. Kufikia 1648 gavana alimwandikia mwanawe kwamba tanuri linatoa tani 7 kwa wiki, baadaye 8, na chuma chake ni kizuri sawa na cha Hispania.

Leader aliondoka 1650. Nafasi yake ilichukuliwa na John Gifford, na hapo ndipo vitabu vya hesabu vilipoanza kunuka.

JINSI KAZI ILIVYOFANYIKA

Inafaa tukae hapa kidogo, kwa sababu gharama zote zilizokuja kuua kiwanda zimo katika hatua hizi.

Mtapo wa kinamasi ni madonge mekundu ya kutu yanayokaa chini ya matope. Huchimbwa kwa majembe na koleo na kusombwa kwa mashua au mikokoteni. Tani 1 ya chuma cha kusubu, yaani kile kinachomiminwa kikiwa kimeyeyuka, ilitaka takriban tani 3 za mtapo huo. Jiwe la kuyeyushia, lile linalovuta uchafu utengane na chuma, kwa kawaida ni chokaa. Hapo halikuwepo la kutosha, wakatumia gabro, jiwe jeusi kutoka rasi ya Nahant. Huo ulikuwa ubunifu wa kweli na ulifanya kazi.

Mkaa ndio uliomeza watu. Kuni zilikatwa, zikapangwa tanuri la mviringo, zikafunikwa majani na udongo, zikaungua taratibu kwa siku kadhaa huku mchoma mkaa akilala kando yake. Ufa mmoja ukiachwa wazi, upepo huingia na asubuhi unakuta jivu. Tani 1 ya chuma ilikula mkaa bushel 265 hivi, karibu lita 9,300. Kwa kipimo chetu ni karibu madebe 500. Zidisha kwa tani 7 za kila wiki, utaelewa kwa nini wakata kuni walikuwa wengi kuliko mafundi chuma.

Tanuri lenyewe lilikuwa mnara wa mawe wenye kimo cha futi 21, kama mita 6 na nusu, uliojengwa ukiegemea mwinuko ili daraja lipite kutoka juu ya kilima hadi mdomoni. Watu walisukuma mikokoteni juu ya daraja hilo mchana na usiku, wakimimina mkaa, mtapo na gabro kwa zamu. Chini, mivukuto miwili mikubwa ya ngozi na mbao iliyosukumwa na gurudumu la maji ilipuliza bila kupumzika. Likishawashwa, tanuri la namna hii haliruhusiwi kupoa kwa miezi. Maji yakikatika au yakiganda, chuma na mavi yake huganda tumboni kuwa donge moja, na hakuna dawa ila kubomoa. Hivyo tanuri halikuwa na siku ya Sabato, na jambo hilo katika nchi ya Wapuritani halikuwa dogo.

Chuma kilifunguliwa mara mbili kwa siku, kikatiririka kwenye mfereji wa mchanga. Kingine kilimiminwa katika kalibu kuwa vyungu na mabamba ya nyuma ya meko. Lakini chuma cha kusubu huvunjika kama kigae, hakifuliki. Kwa hiyo sehemu kubwa ilipelekwa kwenye karakana, ikayeyushwa upya katika jiko la kusafishia, ikakorogwa kwa mtaimbo hadi kaboni iungue, kisha donge likawekwa chini ya nyundo ya ratili 500, karibu kilo 225, iliyoinuliwa na gurudumu la maji. Hicho ndicho chuma cha kufua, kile mhunzi wa kijijini alichokitaka. Mwisho kulikuwa na kinu cha kubana na kukata fito za misumari, mtambo ambao wakati huo ulikuwa mahali pachache mno duniani.

Kwa ufupi, njia ilikuwa ya hatua mbili, mtambo mkubwa na mafundi ghali. Ipo njia nyingine ya kale: tanuri dogo lisiloyeyusha chuma kabisa, linalotoa donge laini linalofulika mara moja. Ndiyo asili ya chuma cha Wapare kabla ya chuma cha madukani. Tutarudi huko.

MAAMUZI NA SABABU ZAKE

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Baraza Kuu. Liliipa kampuni ukiritimba wa miaka 21, ardhi ya bure, msamaha wa kodi kwa miaka kadhaa, na msamaha wa mafundi kutokwenda gwaride la mgambo. Lenyewe halikuweka pesa kwa kuwa halikuwa nazo. Kwa malipo ya fadhila hizo, wakoloni wahudumiwe kwanza kabla ya kusafirisha nje, na bei ya chuma cha kufua isizidi pauni 20 kwa tani.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa wanahisa: walitaka chuma kiuzwe kwa fedha taslimu. Waliweka mtaji kwa sarafu za London na walitaka faida kwa sarafu za London. Baraza Kuu liliwajibu kwa sentensi ambayo mwanafunzi wa uchumi angeweza kuikariri: shoka la peni 12 si rahisi kwa mtu asiye na peni 12. Kama chuma hakipatikani hapa bila fedha mkononi, walisema, sisi tusio na fedha kitatufaa nini? Mazungumzo yakaishia hapo. Ukweli ni kwamba chuma kiliendelea kuuzwa kwa ngano, mahindi na ng'ombe, kwa sababu hakikuwa na mnunuzi mwingine.

Wa tatu ulikuwa wa wafanyakazi. Mafundi chuma waliletwa kutoka Uingereza kwa mshahara wa juu kwa sababu ujuzi wao haukuwepo koloni. Vibarua wa kukata kuni walikuwa wakulima wa jirani, nao kila mmoja alikuwa na shamba lake, kwa hiyo wakati wa kulima na kuvuna waliadimika. Pengo hilo lilizibwa kwa mateka. Baada ya Oliver Cromwell, jemadari wa jeshi la Bunge la Uingereza, kuwashinda Waskoti huko Dunbar mnamo Septemba 1650, mateka 150 walisafirishwa kwa meli iitwayo Unity, wakafika Boston mwishoni mwa mwaka. Wapatao 60 walikabidhiwa kampuni ya chuma.

Mchungaji John Cotton alimweleza Cromwell kwa barua ya 1651 kwamba hawakuuzwa utumwa wa maisha, bali wa miaka 6, 7 au 8. Akaongeza kuwa aliyewanunua wengi anawajengea nyumba, nyumba moja kwa watu wanne, anawapa na ekari za kulima, wanamfanyia kazi siku 3 kwa wiki na siku 4 ni zao. Barua hiyo isomwe kwa tahadhari. Cotton alikuwa akimtuliza mtawala, na mtu aliyefungwa kwa miaka 7 hana namna ya kusahihisha barua kama hiyo. Orodha ya mali ya kiwanda ya 1653 inawahesabu Waskoti 35 pamoja na mali nyingine. Wengi wao hawakufundishwa kufua. Waliwekwa kwenye shoka na kuni.

MGONGANO NA JAMII

Kati ya vitu vyote vya kisa hiki, hiki ndicho kinachosimuliwa zaidi, pengine kupita uzito wake. Katika Massachusetts, tangu 1631, aliyetaka kupiga kura alipaswa kuwa mshirika wa kanisa. Mafundi wa Hammersmith wengi hawakuwa Wapuritani na hawakuja kumtafuta Mungu. Walikuja kwa ujira. Kumbukumbu za mahakama ya wilaya, iliyokaa Salem na Ipswich, zimejaa majina yao: ulevi, matusi, kupigana, kukosa ibada. (Salem hiyo hiyo, karne mbili baadaye, ndiyo iliyoleta Zanzibar manahodha wa kitambaa cha merikani. Lakini hayo ni ya wakati mwingine.)

Tazama kesi moja ndogo. Mwaka 1651 Baraza lilipitisha sheria kwamba mtu ambaye mali yake haifiki pauni 200 asivae utepe wa nyuzi za dhahabu au fedha, wala wanawake wa tabaka hilo wasijifunike kofia za hariri. Mwaka uliofuata mke wa fundi mmoja wa kiwandani akafikishwa mahakamani kwa utepe wa fedha. Kosa lake halikuwa kuiba utepe. Kosa ni kwamba mshahara wa mumewe ulimwezesha kuvaa kama mke wa mwenye cheo, na mji ulikuwa haujazoea watu wenye pesa wasio na nafasi kanisani.

Hata ngazi ya juu haikusalimika. Robert Child, mmoja wa wanahisa, alikuwa miongoni mwa waliotia saini ombi la 1646 la kudai haki kwa wasio washirika, akatozwa faini. Leader naye aliadhibiwa 1651 kwa kuwasema vibaya gavana na kanisa la Lynn.

Kero ya majirani ilikuwa ya kawaida zaidi: bwawa la kiwanda lilipandisha maji hadi kwenye mashamba na malisho ya juu ya mto. Mashauri ya fidia yaliendelea kwa miaka.

MATOKEO

Gifford alipanua bwawa na kazi, akanunua vifaa na chakula kwa mkopo kwa wafanyabiashara wa Boston, na kuwalipa kwa hawala, yaani hati za kudaiwa wanahisa London. Hawala zikafika London, wanahisa wakakataa kuzilipa. Mwaka 1653 wadai wakafungua kesi Boston, mahakama ikawapa kiwanda, na Gifford akawekwa ndani kwa madeni. Wanahisa na meneja wao waliendelea kushtakiana pande zote mbili za bahari.

Kiwanda kilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa huko huko, kikawashwa na kuzimwa kwa vipindi. Kufikia 1670 hivi tanuri lilikuwa limekufa.

UCHAMBUZI

Ufundi haukuwa tatizo. Kosa la Braintree lilikuwa la kupima: Winthrop alipima ukaribu wa watu kuliko kina cha maji, na Leader alilisahihisha ndani ya mwaka mmoja. Anayechagua mahali pa tanuri kubwa aanze na maji ya kiangazi, kisha mtapo, kisha kuni. Vibarua huhamishika, mto hauhamishiki.

Wala kikomo cha pauni 20 peke yake hakikuua kiwanda, ingawa kilibana. Fuata mzunguko. Kampuni inaagiza nguo na vifaa kutoka London kwa mkopo. Wakata kuni wanalipwa kwa bidhaa hizo dukani. Chuma kinatoka na kuuzwa kwa mkulima, ambaye analipa kwa ngano. Ngano inaliwa na mafundi. Mwisho wa mwaka kila mtu koloni amekula, shoka zimepatikana, na kilichovuka bahari kurudi kwa mwenye mtaji ni hawala inayomdai alipe zaidi. Ukiwa Lynn ungeona kiwanda kimefanikiwa. Ukiwa London uliona shimo. Pande zote mbili zilisoma sawa. Zilikuwa zikisoma vitabu tofauti. Koloni lilianza kugonga sarafu zake za fedha Boston mwaka 1652, lakini wakati huo deni la Hammersmith lilikuwa limeshaota mizizi.

Udhibiti ndio uliofuata kukosekana. Barua ilichukua wiki nyingi kuvuka, na kuuliza na kujibiwa kuliweza kumaliza msimu. Wanahisa walikuwa na meneja mwenye mamlaka ya kukopa kwa jina lao bila kikomo kilichoandikwa. Kikomo cha hawala kwa kila robo mwaka, kilichotangazwa wazi kwa wafanyabiashara wa Boston, kingepunguza hasara kuliko meneja mwaminifu yeyote. Waliona matumizi baada ya kutumika.

Kuhusu Wapuritani na mafundi walevi: mahakama iliwasumbua, ndiyo, lakini faini haikuwahi kuzima tanuri. Ajabu ni jinsi jamii ile kali ilivyovumilia. Msamaha wa mgambo ulibaki, fundi aliyelewa Jumapili alirudi kazini Jumatatu, na watoto wa mafundi wakaoa katika familia za wakulima. Msomaji anayetafuta sababu ya kufilisika kwenye utepe wa fedha amepotea njia.

Kilichofaulu ni watu. Joseph Jenks, mhunzi aliyepewa na Baraza Kuu haki ya pekee ya miaka 14 tangu 1646 kwa vinu vyake vya kutengeneza fyekeo na zana za makali, alifungua karakana kando ya mkondo wa Hammersmith na akaendelea na ubunifu wake baada ya kampuni kuanguka. Ndugu wa ukoo wa Leonard, mafundi waliopitia Braintree na Hammersmith, walishiriki 1652 kuanzisha kiwanda kipya katika koloni la Plymouth, huko Taunton. Hapo walifanya kinyume karibu katika kila jambo. Hisa zilishikwa na watu wa mji wenyewe. Walichagua njia ya tanuri dogo, ile ya donge laini, isiyohitaji mnara wala moto wa miezi: maji yakipungua unazima, yakirudi unawasha, na huna donge lililoganda la kubomoa. Gawio lililipwa kwa chuma chenyewe, na kwa kuwa kila mtu alikihitaji, kilipokewa huko kama fedha. Mwenye hisa hakuwa na haja ya peni 12 London. Alitaka shoka, akalipata.

Kiwanda cha Taunton kilifanya kazi hadi 1876. Cha Hammersmith kilifukuliwa kati ya 1948 na 1953. Waliofukua walikuta msingi wa tanuri, mabaki ya gurudumu la maji na kichwa cha ile nyundo ya ratili 500. Lundo la mavi ya chuma halikuhitaji kufukuliwa: limekaa ukingoni mwa mto tangu siku lilipomwagwa.